Kura Ngapi, na za Wapi?

Chukua matokeo ya ubunge ya Tanzania ya mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, halafu ziba majina ya vyama kwa kiganja. Chama kimoja kimepata asilimia 21.8 ya kura zote za ubunge. Kingine kimepata asilimia 5. Sasa niambie kipi kilipeleka wabunge wengi wa majimbo Dodoma.

Ni kile cha asilimia 5. Kilipata majimbo 24. Cha asilimia 21.8 kilipata 16.

Cha kwanza ni NCCR-Mageuzi, chama kilichokuwa kimembeba Augustino Mrema, mgombea wake wa urais, wakati umati unasukuma gari lake barabarani kwa mikono. Cha pili ni CUF. Na kabla hujaniambia habari ya wizi, subiri kidogo. Wizi ni mada yenye wenyewe, na wanaoijua wapo. Mimi nazungumzia kura zilizohesabiwa na kukubaliwa, zikapelekwa kwenye sheria, na sheria ikazigeuza kuwa viti kama ilivyoandikwa.

Nilikutana na tarakimu hizi nilipokuwa nasoma sayansi ya siasa, masomo ya jioni, mkiingia darasani mmeshachoka na foleni za Dar es Salaam. Nilitarajia mijadala mikubwa kuhusu uhuru na haki, na ilikuwepo. Kilichonikamata lakini ni mada ambayo wenzangu wengi waliiona kavu: mifumo ya uchaguzi. Yaani ukishamaliza kukusanya kura, unazifanya nini? Watu wanamwaga damu kwa ajili ya haki ya kupiga kura, kisha hawaulizi hata kidogo kura hiyo inabadilishwaje kuwa kiti.

Mhadhiri wetu alianza na Maurice Duverger, mwanazuoni wa Kifaransa ambaye miaka ya 1950 alitoa hoja inayotajwa mpaka leo kama sheria. Ukiwa na majimbo ya mbunge mmoja mmoja, na anayeongoza kwa kura ndiye anayechukua kiti hata kama hakufika nusu, mwishowe utabaki na vyama viwili vikubwa. Sababu zake mbili. Ya kwanza ni hesabu tupu: chama cha tatu kinaweza kuwa na kura nyingi kila mahali kikakosa kiti kila mahali. Ya pili iko kichwani mwa mpiga kura, ambaye akishaona mgombea anayempenda hana nafasi, anahamia kwa yule mwenye nafasi ili kura yake isiende bure.

Mtu mmoja kiti cha nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, hiyo sheria inasema vyama viwili. Mbona sisi imetupa kimoja?”

Darasa likacheka, mhadhiri naye akacheka, tukaendelea. Swali lenyewe halikujibiwa siku ile. Nimekuwa nikilijibu mwenyewe tangu hapo, kwenye kompyuta, kwa jedwali moja baada ya jingine, na familia yangu imeshazoea.

Turudi 1995. CCM, chama tawala, ilipata asilimia 59.2 ya kura za ubunge. Majimbo yalikuwa 232, nayo ikachukua 186, sawa na asilimia 80. NCCR ikapata 16, CUF 24, Chadema 3, UDP 3. Nilijaribu kuyagawa majimbo yale 232 kwa uwiano wa kura, jinsi wanavyofanya Afrika Kusini, ambako chama kinapata sehemu ya viti inayolingana na sehemu yake ya kura. CCM ingeshuka hadi kama 137. Bado ingeunda serikali bila kumwomba mtu. NCCR ingepanda hadi 50. Chadema ingekuwa na 14, UDP na 7 au 8. CUF ingeshuka hadi 12.

Tazama mambo mawili hapo. La kwanza, theluthi mbili ya 232 ni 155. Kwa mfumo tulio nao, chama kilichopewa kura na watu sita kati ya kumi kilijikuta na viti vya kutosha kugusa Katiba bila kumtazama mpinzani usoni. Kwa uwiano, kingelazimika kukaa mezani na mtu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na haihusiani na nani alishinda, maana mshindi ni yuleyule.

La pili ni hiyo CUF inayopoteza nusu ya wabunge wake. Kura zake zilikuwa chache kitaifa, lakini zilikuwa zimekaa pamoja: Pemba yote na sehemu ya Unguja, ambako majimbo ni madogo, wapiga kura elfu chache tu kwa kila moja. Zanzibar ilikuwa na majimbo 50 kati ya yale 232, na CUF ikachukua 24 ya hayo 50. NCCR kura zake zilikuwa zimetawanyika Bara nzima. Alikuwa wa pili hapa, wa pili pale, wa pili kule. Na wa pili katika mfumo wetu harudi na kitu nyumbani, hata nauli. UDP ya John Cheyo, kwa asilimia 3.3 tu, ilipata viti sawasawa na Chadema yenye karibu mara mbili ya kura zake, kwa kuwa Bariadi na jirani zake walisimama naye kwa pamoja.

Kwa hiyo mfumo haukuwa unauliza tu una kura ngapi. Ulikuwa unauliza kura zako zinakaa wapi. Na chama chochote chenye akili kinalisikia swali hilo na kulitii. Ukiwa na fedha kidogo na magari mawili, utayapeleka wapi? Utayapeleka nyumbani kwenu, ujenge ngome. Kisha tunakuja kuwasema wapinzani kwamba ni vyama vya ukanda, vya dini, vya kabila. Baadhi ya lawama hizo ni za kweli. Lakini kanuni yenyewe ya kuhesabu ndiyo iliyowafundisha kwamba kura elfu tano zilizorundikana zina thamani kuliko kura laki moja zilizotapanywa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 2015, vyama vinne vya upinzani vikiwa vimeungana kwenye UKAWA na kugawana majimbo, hadithi ikajirudia. CCM ilipata asilimia 55 ya kura za ubunge na zaidi ya asilimia 70 ya majimbo. Chadema ilikuwa na karibu mara nne ya kura za CUF, lakini majimbo yao yakatoka thelathini na kitu kwa thelathini na kitu.

Ndiyo maana jibu langu kwa yule mwenzetu wa kiti cha nyuma ni kwamba Duverger hakukosea sana; alikuwa anazungumza jimbo kwa jimbo. Ukienda Karatu, Kigoma Mjini au Moshi Mjini katika miaka ya ushindani, utaona mbio za watu wawili kweli. Ila yule wa pili si wa chama kilekile kila mahali, wakati wa kwanza yupo kila kijiji, na mabalozi wake wa nyumba kumi. Jumlisha mbio mia mbili za namna hiyo na utapata chama kikubwa kimoja kilichozungukwa na vipande.

Kama unataka kuona vyama viwili kamili kama alivyotabiri, panda boti uende Unguja.

Zanzibar ndiyo sehemu ninayoisoma usiku nikikosa usingizi. Januari 1961 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 22 vya kugombewa. Chama cha Afro-Shirazi (ASP) kikapata 10, Hizbu (ZNP) 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3. Kiti cha Chake Chake kilichukuliwa kwa kura moja. Moja! Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP, mmoja ASP, na ubao ukasoma 11 kwa 11. Hakuna serikali. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuongeza jimbo moja, viti viwe 23, namba isiyogawanyika kwa mbili, na uchaguzi urudiwe Juni. Juni ASP ikapata 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP ikakaa na ZNP. ASP ilikuwa na karibu nusu ya kura zote peke yake, ikabaki upinzani. Ghasia za siku zile ziliua watu 68.

Halafu Julai 1963, uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. ASP ilipata kura kama 87,000. ZNP na ZPPP kwa pamoja walipata kama 73,500. Asilimia 54 kwa 46. Viti vilikuwa 31, na ASP ikapata 13. Walioshindwa kwa kura walipata viti 18 na serikali. ASP ilikuwa inashinda kwa mafungu makubwa mno kwenye ngome zake za Unguja, kura za ziada zisizo na kazi yoyote, wakati wenzake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo na hawakuwa wakigombana wao kwa wao. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964.

Simo miongoni mwa wanaodhani unaweza kuyaeleza Mapinduzi kwa jedwali. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na rangi na historia ya utumwa, kulikuwa na askari polisi wa Bara walioachishwa kazi. Lakini serikali iliyoingia madarakani bila wingi wa kura, mbele ya watu wanaojua hivyo na wanaoweza kuhesabu, huanza maisha yake ikiwa imeegemea ukuta.

Mfumo ule haukubadilishwa vyama vingi viliporudi. Mwaka 1995, urais wa Zanzibar: Salmin Amour kura 165,271, Seif Sharif Hamad 163,706. Tofauti 1,565. Baraza la Wawakilishi: CCM majimbo 26, CUF 24. Pemba majimbo 21, yote CUF. Hapa Duverger angepiga makofi, maana vyama viwili hivyo vilimeza kila kitu, na chama cha tatu hukioni hata kwa darubini. Uingereza kwenyewe mfumo huu haujawahi kufanya kazi kwa usafi namna hiyo. Na matunda yake yalikuwa nini? Upande mmoja serikali nzima, upande wa pili hakuna kitu, kwa tofauti ya watu wasiotosha kujaza uwanja wa mpira. Vitabu vingi husifu vyama viwili kwa kuleta utulivu na serikali imara. Waliopata kuishi Pemba baada ya 1995, au Januari 2001 wakati waandamanaji walipopigwa risasi, wana maoni mengine kuhusu utulivu huo.

Kilichonivutia kuliko vyote ni dawa iliyofuata. Maridhiano kati ya Rais Amani Karume na Maalim Seif yalizaa kura ya maoni ya Julai 31, 2010, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hawakugusa namna ya kuhesabu viti. Majimbo yakabaki, anayeongoza akaendelea kuchukua. Walichobadilisha ni anachopata aliyeshindwa: chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wanagawanywa kwa kuangalia viti vya Baraza. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim, tofauti ya kuwasha moto, na moto haukuwaka.

Arend Lijphart, Mholanzi aliyetumia maisha yake kusoma jamii zilizogawanyika, angelitambua jambo hili mara moja. Kwake, nchi yenye kambi mbili zisizohama haiwezi kuendeshwa kwa mshindi kuchukua vyote. Lazima kambi zote ziwe ndani. Lakini makubaliano yaliyokaa juu ya hesabu ile ile yanabaki dhaifu. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta uchaguzi mzima. Ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusia, Shein akapata asilimia 91, hakuna mwingine aliyefikisha asilimia 10 inayotakiwa, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa wazi miaka karibu mitano. Mpaka Maalim Seif aliporudi kupitia ACT-Wazalendo baada ya 2020, akakikalia kwa miezi michache, akafariki Februari 2021.

Sasa niruke nyuma kidogo, maana kuna watu wanaodhani ubishi wa kanuni za uchaguzi umeletwa na wafadhili miaka ya 1990. Mwaka 1958 Tanganyika iliwekewa utaratibu wa kura tatu. Kwanza ilibidi uwe na elimu, kipato au cheo fulani ili uandikishwe kabisa. Kisha ukifika kwenye karatasi, unatakiwa uchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, kura yako imeharibika. Waafrika walikuwa karibu wananchi wote, na wamepewa theluthi. Ndani ya TANU, chama kilichopigania uhuru, wengi walitaka kususia. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie, na Zuberi Mtemvu akaondoka kwa hasira kuunda chama chake. Kisha TANU ikafanya jambo ambalo watunga kanuni hawakulipigia hesabu: ikawaunga mkono Waasia na Wazungu wanaokubaliana nayo, kina Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Kanuni iliyotungwa kuigawa kura ikawapa ushindi wagombea wa TANU na marafiki zake. Mkoloni alilazimisha Waafrika wampigie Mzungu, nao wakampigia Mzungu wa TANU.

Nikipenda kumtania mtu anayesema kanuni ndiyo kila kitu, namtajia Tabora. Chama chenye nidhamu kinaweza kuipindua kanuni na kuipanda.

Bibi yangu mzaa mama, wa Mwanza, hakupata sifa za kupiga kura tatu. Kura yake ya kwanza ilikuwa 1965, chama kimoja kikiwa kimeshakuwa sheria. Wasomi wa nje waliandika sana kuhusu uchaguzi ule kwa sababu ulikuwa wa ajabu: chama kimoja, lakini wagombea wawili karibu kila jimbo, wote wa TANU. Mkutano wa TANU wa wilaya unapiga kura za maoni, Halmashauri Kuu inapitisha majina mawili, na kila mgombea anapewa alama, mmoja jembe, mwingine nyumba. Wanazunguka pamoja, jukwaa moja, na hairuhusiwi kusema habari ya kabila wala dini wala kudai kwamba Mwalimu anakutaka wewe.

Nilimuuliza bibi aliwezaje kuchagua ikiwa wote ni wa chama kimoja.

“Mjukuu wangu, si ndiyo ilikuwa rahisi? Huyu tunamjua, yule tunamjua. Wa nyumba anasema baada ya kulima utalala wapi. Wa jembe anasema nyumba hailiwi. Tunacheka, halafu tunaangalia nani alikuja msibani.”

“Na ukichoka na chama chenyewe, bibi?”

Akaniangalia kama niliyeuliza utaifanyaje mvua. “Chama hukichoki wewe. Chama ndicho kinachoweza kukuchoka.”

Mwaka ule Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza ubunge Mwanza. Waziri wa Fedha, kwenye dola ya chama kimoja, anaangushwa na wakulima wa pamba! Hakukaa nje ya serikali muda mrefu, ni kweli, lakini naomba unitajie ni mawaziri wangapi wazito tumewaangusha kwa kura tangu tupate uhuru wa kuchagua kati ya vyama kumi na kitu. Sitetei chama kimoja. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka mwaka 1991, karibu watu wanane kati ya kumi waliohojiwa walitaka chama kimoja kibaki, na nadhani walichokuwa wanakilinda ni hiki cha bibi: kumjua mtu na kuweza kumtoa. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, kwa hoja kwamba haki ya wachache haipigiwi kura. Naikubali hoja hiyo. Lakini uchaguzi wa mtu ulihamia kwenye kura za maoni ndani ya chama, na kwenye karatasi ya kura tukabaki na chama.

Hapo ndipo sheria za vyama zinapouma kuliko sheria za kura. Nchini kwetu huwezi kugombea ubunge, wala udiwani, bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani maisha yake yote ya siasa. Mahakama Kuu ilimpa haki 1994. Bunge likabadilisha Katiba kufunga mlango. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, hapo hapo nyumbani, ikasema Tanzania inavunja haki za raia wake. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na mgombea binafsi bado hayupo kwenye karatasi.

Ukishaingia bungeni, kiti kinabaki mali ya chama. Ukihama, umekipoteza. Mrema alishinda uchaguzi mdogo wa Temeke 1996 kwa NCCR, chama kikapasuka kwa ugomvi wake na kina Mabere Marando, akahamia TLP 1999, ubunge ukaishia hapo. Kanuni ile ilitungwa, tuliambiwa, kulinda chaguo la mpiga kura. Kuanzia 2017 tukaona sura yake ya pili: mbunge wa upinzani anajiuzulu “kuunga mkono juhudi” za Rais Magufuli, jimbo linatangazwa wazi, anasimamishwa yeye yule kwa tiketi ya chama tawala, anarudi na mlango wa mbele. Kinondoni na Siha walifanya hivyo siku moja, Februari 2018.

Viti maalum vya wanawake navyo vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya Bunge letu inayogawanywa kwa uwiano wa kura. Chama chenye angalau asilimia 5 ya kura za ubunge kinapata mgawo wake. Jambo hili limebadilisha tabia ya vyama kuliko watu wanavyojua. Mgombea wa upinzani kule ambako hana matumaini yoyote bado ana kazi, kwani kura zake 800 zinaingia kwenye kapu la viti maalum. Hizo ndizo kura ambazo mfumo wa majimbo unazitupa. Tatizo ni nani anapanga orodha: chama, tena ofisi za ndani kabisa. Mwaka 2020 Chadema ilisema haikupeleka majina yoyote, wanawake 19 wakaapishwa kwa jina lake, ikawavua uanachama Novemba mwaka huohuo, na bado walikaa bungeni hadi muhula ukaisha. Weka kisa hicho kando ya cha Mrema, usome kifungu kilekile cha Katiba mara mbili, uone kama utalala.

Jirani zetu Kenya wamechezea sehemu nyingine ya mashine. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa asilimia 36 tu. FORD, chama cha upinzani, ilikuwa imepasuka vipande viwili, Matiba huku, Jaramogi Odinga kule, Kibaki na chama chake cha tatu, na wote watatu kwa jumla walikuwa na zaidi ya asilimia 60. Somo liliwaingia taratibu. Walipoungana 2002 chini ya NARC, Kibaki alipata asilimia 62 na KANU, chama cha Moi, ikatoka. Katiba ya 2010 ikaligeuza somo hilo kuwa sharti: nusu ya kura na moja zaidi, pamoja na robo ya kura katika kaunti 24. Tangu hapo siasa za Kenya ni za miungano: CORD na Jubilee, NASA, Azimio, Kenya Kwanza. Ni kama maturubai ya harusi, yanafungwa kwa ajili ya shughuli na kufunguliwa kesho yake. Watu huwalaumu wanasiasa kwa kukosa itikadi, nami huwalaumu, lakini ukitunga sheria inayomtaka mtu mmoja apate nusu ya nchi ambayo hakuna jamii inayokaribia nusu, umeagiza maturubai. Sisi tulikwenda kinyume: hadi 1995 rais alihitaji zaidi ya nusu, na mwaka 2000 sharti hilo likaondolewa, anayeongoza anatosha.

Kuhusu Oktoba 29, 2025 nitasema kifupi. Chadema haikuwemo. Ilikuwa ikidai sheria za uchaguzi zibadilishwe kwanza, haikusaini maadili ya uchaguzi mwezi Aprili, ikazuiwa kushiriki, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Watu walikufa mitaani siku ile na zilizofuata, na intaneti ikazimwa. Jedwali la mwaka huo sijalijaza. Nadharia zote nilizosoma zinaanza kufanya kazi pale ambapo aliyeko madarakani anaweza kushindwa, na hazina safu ya kuandika mengine.

Nikiulizwa ningependa nini, nasema mfumo mseto: majimbo yabaki, kwa sababu bibi ana haki ya kumjua mtu wake, na juu yake viti vya uwiano vya kutosha, kwa orodha zinazopigiwa kura na wanachama hadharani. Mgombea binafsi aruhusiwe. Rais azidi nusu.

Karibu yote haya, ukiacha uwiano, yalikuwemo kwenye rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba mwaka 2013. Nchi nzima ikaipokea rasimu ile kwa ubishi wa Muungano uwe na serikali mbili au tatu, na ubishi huo ukameza kila kitu, hata kifungu ambacho kilinifanya niisome mara ya pili. Rasimu ilifuta viti maalum na kusema kila mkoa wa Bara uwe jimbo moja la Bunge la Muungano, na kila wilaya ya Zanzibar vilevile, kila jimbo litoe wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Mikoa 25, wilaya 10, wabunge 70, pamoja na watano wa watu wenye ulemavu. Kwa usawa wa kijinsia ni pendekezo zuri kuliko lolote tulilowahi kuwa nalo. Kwa vyama vidogo ni kaburi. Jimbo likiwa mkoa mzima na anayeongoza akichukua, ngome ya wilaya moja inamezwa na wilaya nne zinazoizunguka. Cheyo wa Bariadi asingekanyaga Dodoma. Willibrod Slaa wa Chadema, mbunge wa zamani wa Karatu, angezama ndani ya mkoa wa Arusha. Nilitafuta kwenye magazeti ya miezi ile mtu aliyeifanya hesabu hiyo kwa sauti, chama tawala au upinzani, na sikumpata.